Mapacha wa Obunga

Habari ya kifo cha Mama Perpetua ilinikuta jikoni kwangu Nakuru, nikiwa nimeshika kijiko cha uji. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na pia kwa sababu yeye mwenyewe angecheka sana. Nilikuwa nampikia mjukuu wangu, na kabla simu haijalia nilikuwa nimekwisha kugeuza kijiko juu ya sufuria nione kama uji utamwagika wote mara moja au utang'ang'ania kidogo. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kufikiri. Aliyepiga alisema ni Akoth wa Obunga, kisha akasema, "Mama Perpetua ametuacha. Tunazika Jumamosi, huko Seme. Usikose." Nilizima jiko nikakaa kwenye kigoda. Mjukuu hakuelewa lolote, akaanza kulia akidai uji wake.

Nilimfahamu Kisumu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilipata kazi ya mwaka mmoja katika mradi uliotaka kujua kwa nini watoto wengi wa mwambao wa ziwa pale hawakuwa wakifikia urefu wa umri wao. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika jumba moja kubwa la mtaa wa Milimani, chumba ambacho bila shaka kilijengwa kwa ajili ya mpishi. Kilikuwa na meza moja, mizani ya kuning'inizwa darini, marundo ya fomu, na ubao mrefu wa kupimia watoto wakiwa wamelala. Kazi yangu ilikuwa kuubeba ule ubao na kujaza fomu. Kazi ya Mama Perpetua, aliyekuwa na hamsini na kitu na aliyezunguka mitaa ya Kisumu kama mhudumu wa afya tangu mimi nikiwa mtoto, ilikuwa kuongea na watu. Mimi ni Mkikuyu niliyekulia mjini Kisumu, nyuma ya duka. Dholuo, yaani Kijaluo, nilichokijua kilitosha kununua nyanya, na kwa ujana wangu niliona kinatosha kwa kila kitu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na kiburi cha mtu mwenye mwandiko mzuri.

Wote wawili tulikaa mtaa wa Migosi. Yeye alikuwa na vyumba viwili, mimi nilikodi kimoja nyuma ya chake, na kwa sababu harufu ya kitunguu chake ilinipata kila siku saa sita na nusu, haikuchukua wiki nikawa nakula kwake. Chumba chake cha mbele kilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na redio iliyofunikwa kitambaa chake yenyewe. Mwavuli wake mweusi ulikaa nyuma ya mlango. Aliutumia kwa jua, kwa mvua, kwa mbwa, na kuwanyooshea watu waliokuwa mbali naye. Nilipomtajia jina langu siku ya kwanza aliuliza maana yake. Nikamwambia Nyambura ni wa mvua. "Basi kwa sisi Wajaluo wewe ni Akoth," akasema, "umepotelea tu kwa Wakikuyu." Alinifundisha mambo mengi mezani pale kuliko semina zote za mradi. Aliniambia mtoto aliyekonda kila mtu anamwona, hata jirani mwenye roho mbaya anamwona. Lakini mtoto mfupi mwenye mashavu hakuna anayemwona. Watu husema ni mdogo tu, wakaendelea na safari zao. "Huyo ndiye anapotea mbele ya macho," akasema. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikaongeza omena, dagaa wa ziwani, kwenye sahani.

Siku ya kosa langu, Mama Perpetua alikuwa amempeleka mwanamke mmoja kliniki, nikaingia mtaa wa Obunga peke yangu. Kwa Rosa, mama mmoja wa orodha yetu, nilifika mwendo wa saa nne. Alikuwa na wanawake wenzake nje ya mlango, wamezunguka karai kubwa la mafuta, wanakaanga mgongo wazi. Asiyeijua Obunga ya wakati ule nimweleze: mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa, alipelekwa viwandani, nyama yake ikakatwa na kusafirishwa ng'ambo, na kilichobaki, yaani kichwa, mkia na mfupa wa katikati, ndicho kilichoshuka Obunga kukaangwa na kuuzwa. Moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliona miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Juu ya gunia kando ya mlango waliketi wasichana wawili wadogo, wenye magauni ya kitambaa kimoja na urefu mmoja, wakitazama samaki. Nikauliza, nikiwa nimekwisha fungua fomu, "Hawa ni mapacha?" Rosa alinitazama, akawatazama, akajibu, "Ee. Ni yangu wote wawili." Nikaomba kadi zao za kliniki. Akaleta moja, ya Achieng, akasema ile nyingine ilinyeshewa. Halikunipa shida hilo. Mapacha wana siku moja ya kuzaliwa, kwa hiyo nilinakili tarehe ileile mara mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Niliwalaza kwenye ubao mmoja baada ya mwingine, na tofauti yao haikufika upana wa kidole. Kwa watoto wa miezi kumi na sita, urefu wao ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikaandika: wazima, hawahitaji kufuatiliwa.

Nilipokuwa naondoka nilisikia kicheko nyuma yangu. Wanawake walikuwa wakirudia neno moja, "Rude! Rude!" Nikadhani wananiambia nirudi, ila lafudhi tu ndiyo imelipinda neno. Kwa hiyo nilirudi na ubao wangu begani, nikasimama mbele yao kwa adabu nikauliza, "Mmeniita?" Kicheko kilichofuata nakikumbuka hadi leo. Mmoja alilazimika kuweka chini kichujio cha mafuta asije akajiunguza. Rosa peke yake hakucheka kwa sauti. Alijifunika mdomo kwa kiganja na kutazama pembeni. Mmoja wa wale wawili wa kwenye gunia, yule aliyeitwa Akoth, akaninyooshea kidole na kuniambia sentensi nzima kwa Dholuo. Nilipata maana yake baadaye: nisikanyage samaki wa mama yake. Pacha wake wakati huo alikuwa akitafuna upindo wa gauni na kusema "ba, ba." Mimi mwenye cheti sikuona tofauti yoyote.

Mchana huo nilimsimulia Mama Perpetua kisa chote kama kichekesho, jinsi nilivyoitwa nikarudi nikachekwa. Alicheka pia, tonge mkononi. Kisha akaacha kucheka lakini tonge likabaki pale pale hewani.

"Walisema rude?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo nikarudi."

"Rude ni mapacha, Nyambura. Walikuwa wanachekea fomu yako. Watoto wanaitwa nani?"

"Akoth na Achieng."

Aliweka tonge chini. "Mapacha ya Wajaluo haina majina mingi. Wasichana ni Apiyo na Adongo, hakuna ingine. Akoth alikuja na mvua. Achieng alikuja na jua kali. Sasa wewe niambie, huyo mama alizaa siku gani hiyo ilikuwa na zote?" Akaniuliza polepole, "Nani mkubwa?"

"Hakuna mkubwa. Wako sawa."

"Ndiyo hiyo naambia wewe. Hakuna mkubwa. Mmoja alizaliwa mbele na hakui." Alinawa mikono bila kumaliza chakula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya kabla ya hapo wala baada. Akachukua mwavuli.

Nilijua nimefanya nini kabla hatujafika barabarani. Fomu zile ndizo zilizoamua nyumba ipi itembelewe na ipi ipewe unga. Kwa mkono wangu nilikuwa nimeifuta nyumba ya Rosa. Nilingoja anigombeze njia nzima, na hakunigombeza. Tulipofika, Mama Perpetua hakutoa karatasi yoyote. Aliwasalimu wanawake mmoja mmoja, akawatania kuhusu Mkikuyu wao aliyekuja kuzalisha mapacha, kisha akaingia ndani kwa Rosa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kusema amekuja kula. Chumba kilikuwa kimoja, na pazia la leso liligawa sehemu ya kulala. Akampakata Akoth, akamchekesha mpaka akafungua mdomo, akahesabu meno kwa ncha ya kidole. Yalikuwa yote. "Hii mdomo ni ya karibu miaka tatu," akaniambia. Kisha chakula kikaja, sinia moja la ugali na bakuli moja la supu ya mgongo wazi, katikati ya watoto wanne wa Rosa. Wale wakubwa wawili walikula kama watoto wenye haraka ya kwenda kucheza. Mama Perpetua hakuwa anakula, alikuwa anatazama mkono wa Akoth. Ulienda kwenye sinia mara tatu. Mara ya nne sinia lilikuwa tupu, na Akoth akalamba vidole vyake taratibu, bila kulia, kama mtu aliyezoea. Achieng alikuwa kwenye titi la mama yake.

Ndipo yalipotoka maneno. Rosa alisema kwa Dholuo, na Mama Perpetua akanipa kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Akoth alikuwa na miezi saba Rosa aliposhika mimba ya Achieng. Akaambiwa maziwa ya mimba ni mabaya, akamwachisha siku hiyohiyo, akampa uji wa kunyweka kwa kikombe. Kisha tumbo la kuhara likaanza, likapona, likarudi, ikaja malaria, likarudi tena. Mchana kutwa Rosa alikuwa kwenye karai, na Akoth alishinda na yeyote aliyekuwepo. Watu wakaanza kusema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa nyumbani kwa mume wake na mtoto ndiye anayelipa. Akaacha kumpeleka kliniki kwa aibu. "Sasa kwa nini hukuambia huyu msichana ukweli?" Mama Perpetua akamuuliza. Rosa alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza, akajibu kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Kila mtu anauliza mimi, huyu mkubwa mbona hakui. Kila siku. Huyu akasema ni mapacha. Nikaona, wacha leo nipumzike." Nimesikia maneno mengi ya kunilaumu maishani, mengine kwa haki, lakini hakuna lililowahi kuniuma kama hilo ambalo halikuwa lawama.

Kesho yake tulipeleka fomu mpya kwa daktari wetu, kijana mpole aliyetoka Nairobi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Mradi ulichukua watoto wafupi walio chini ya miaka miwili. Akoth alikuwa mfupi lakini alikwisha pita umri. Achieng hakuwa amepita umri lakini hakuwa mfupi. Hakuna hata mmoja aliyeingia.

"Kwa hivyo tunangoja Achieng aharibike ndiyo aingie?" Mama Perpetua akauliza.

"Mama, si mimi niliandika hiyo masharti."

"Najua, daktari. Na saa yangu ya chakula pia hakuna mtu ameiandikia masharti."

Basi kuanzia wiki hiyo chakula chetu cha mchana kilihamia Obunga. Karibu kila siku ya kazi, kwa sehemu ya mwaka iliyobaki, yule mama aliyekuwa ametembea tangu asubuhi alitembea tena kwenda kwa Rosa. Alianza na kabati lake mwenyewe, akatoa bakuli mbili za bati, moja ya buluu na moja yenye maua. Ya buluu ikawa ya Akoth. "Kila mtoto sahani yake," akasema, "mkono mdogo hauwezi kushindana." Alimwonyesha Rosa kugeuza kijiko: uji ukikimbia wote, mtoto amekunywa maji, na ukibaki kidogo umeshika, mtoto amekula. Alimfundisha kusaga omena na njugu ndani yake. Nyama laini iliyobaki nyuma ya kichwa cha mgongo wazi, Rosa aliambiwa aikwangue kabla ya kuuza, kwa sababu ilikuwa ajabu mtoto kushinda karibu na samaki asubuhi hadi jioni na kulala bila kumwonja. Jirani mmoja alipokuja kusema tunapoteza bure, chira haiponi kwa uji, Mama Perpetua hakubishana naye. "Kama ni chira," akasema, "hata chira itakula uji nzito. Ongeza hapo." Wanawake walicheka, na pale kwenye karai pakawa petu tangu siku hiyo.

Kuhusu maji alifanya jambo ambalo bado nalistaajabia. Kisima cha karibu kilikuwa kifupi, na choo cha wapangaji wote hakikuwa mbali nacho. Mimi nilitayarisha hotuba. Yeye alisimama mlangoni mwa choo, akatembea mpaka kisimani akihesabu hatua zake kwa sauti, kwa Dholuo, akafika upesi mno. Akarudi nyumbani kwa Rosa na kuomba sufuria ya kuchemshia. Wiki iliyofuata niliona majiko matatu yanachemsha maji ya kunywa. Achieng alipokaribia miaka miwili akiwa bado ananyonya, Mama Perpetua ndiye aliyekwenda na Rosa kliniki kuuliza habari za kupanga uzazi, akamshika mkono hadi chumba cha ndani, kwa maana Rosa aliogopa yaliyompata Akoth yasimpate na huyu. Nilimpenda sana Mama Perpetua. Sikumwambia, kwa sababu kwetu hatukuzoea kuambiana, na kwa sababu nilidhani muda upo.

Tulikuwa tukiwapima kwenye mwimo wa mlango kwa makaa, mistari ya Akoth upande wa kushoto na ya Achieng kulia. Ubao wa mradi haukuwa na haki ya kuja pale. Mwezi kwa mwezi mistari ilipanda, ila ya kulia ilipanda haraka. Karibu na Krismasi, Mama Perpetua aliweka makaa juu ya kichwa cha Achieng, akachora, na mstari ukawa umepita wa dada yake kwa upana wa vidole viwili. Rosa alipiga makofi. Kisha mikono yake ikabaki imeshikana, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mdogo amepita mkubwa. Mimi nifurahi ama nilie?" Mama Perpetua akamwonyesha mstari wa kwanza wa Akoth na wa leo. "Huyu pia amesonga. Tumbo limenyamaza, malaria imemwacha, anakimbia. Furahia wote wawili." Lakini tulipotoka, jua likiwa kali, alisimama njiani na mwavuli ukiwa umefungwa mkononi. "Akoth hatafika kimo chake," akaniambia. "Tulichelewa na yeye. Hiyo ni kweli na mimi sitamdanganya mtu." Nilisema kosa ni langu. Akanikatiza. "Wewe ulikosea siku moja, nusu siku. Sisi wengine tulipita hiyo mlango miaka mbili na hatukuona." Akafungua mwavuli tukaenda.

Mwaka ukaisha, kazi ikaisha, nikahama. Yeye aliendelea kwenda kwa Rosa, sasa bila mradi wowote. Barua zake zilikuwa fupi na zilianza na habari za watoto wale wawili kabla ya salamu. Halafu zikaja simu za mkononi, nazo zikawa fupi vilevile.

Jumamosi ile Seme nilimkuta Akoth nyuma ya nyumba, penye masufuria ya matanga. Ni mwanamke mfupi. Nitasema wazi kwa sababu yeye hulisema wazi: aliponikumbatia kichwa chake kilifika kwenye kifua changu, na mimi si mrefu. Ana hoteli ndogo ya chakula karibu na shule moja ya Obunga, na siku ile ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko, akiwaamuru wanawake waliomzidi kimo wote bila kuinua sauti. Mtu alipoleta sinia moja kwa ajili ya kundi la watoto waliokuwa wamekaa chini, alimrudisha nalo. "Hapana. Kila mtoto sahani yake. Hata kama ni kifuniko, mpe yake." Niligeukia ukuta nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Achieng alikuja baadaye kutusalimu, mrefu, akainamisha kichwa ili apite chini ya turubai. Dada yake akamshika kiuno, kwa kuwa bega lilikuwa mbali.

"Unaona mapacha wako, nyinga?" Akoth akaniambia. Nyinga maana yake ni 'jina langu', ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtu waliyefanana naye jina, na sisi wawili ni wa mvua. "Siku hizi hakuna mtu anadhani ni mapacha. Wanadhani huyu ndiye mkubwa."

Nilikuwa nimebeba maneno fulani tangu Nakuru, na yakanitoka vibaya. Nilimwambia nisamehe, ile fomu, ningeuliza jina tu, ningemsikia alivyokuwa akiongea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku kijiko kikubwa kikiwa mkononi.

"Mama Perpetua alinieleza hiyo mambo tangu nikiwa darasa la pili," akasema. "Hakunificha. Aliniambia mimi nilionekana sikui, ndiyo huyu akalishwa mapema. Alisema, Akoth, ni wewe ulimrefusha dada yako." Akamtazama Achieng kutoka chini hadi juu, bila haraka, kama mtu anayekagua kazi ya mikono yake. Kisha akakigeuza kijiko juu ya sufuria ya uji wa watoto, akangoja, akaongeza unga.